Kabla hujasafiri: namna ya kumwandikia maelekezo atakayebaki na mnyama wako

Maelekezo mengi ya aina hii huandikwa usiku wa kuamkia safari, begi likiwa bado wazi. Hutoka mistari mitatu: chakula kipo kabatini, mpe asubuhi na jioni, kukiwa na tatizo nipigie. Miwili ya kwanza ina kasoro ambayo mtu mwenye akili zake ataiziba mwenyewe. Wa tatu ndio wenye hatari. Ili mtu atambue tatizo, sharti kwanza aijue kawaida, na kawaida ya mnyama wako inajulikana na wewe tu. Paka kashinda chini ya kitanda tangu asubuhi: ndivyo alivyo, au anaumwa? Mbwa kaacha nusu ya chakula: ni joto tu, au ndiyo dalili? Wewe ungejibu papo hapo. Anayebaki naye hana pa kushika.

Hatua ya 1: Jichunguze kabla ya kuandika

Wiki moja kabla ya kuondoka, tembea na daftari kwa siku mbili hivi na uandike kila unachomfanyia mnyama, pamoja na saa yake. Usiandike unachodhani huwa unafanya. Andika ulichofanya sasa hivi. Utakuta kuna mambo mkono wako unayafanya bila kukuuliza: unafunga mlango wa bafu kila unapotoka, unagonga bakuli mara mbili ndipo paka aje, unamtanguliza kula mbwa mkubwa kwa sababu wakilishwa pamoja wanapigana, unazima feni kabla ya kumfungulia ndege tundu. Mambo ya namna hii ndiyo yanayokosekana kwenye karatasi nyingi, maana mwenyewe hajui kama anayafanya.

Kama mnaishi wengi, waulize wote. Mara nyingi mtoto ndiye anayejua kwamba sungura hutafuna waya wa chaja akiachwa sebuleni.

Hatua ya 2: Panga kwa saa

Watu hupenda kupanga maelekezo kwa mada: chakula, usafi, mazoezi, afya. Yanapendeza kuyatazama, lakini hayatumiki. Mtu aliyeshika bakuli mkononi huku mbwa anamrukia anataka kujua jambo moja tu: sasa hivi nifanye nini? Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ufuate siku ilivyo, kutoka asubuhi hadi usiku, na utoshe karatasi moja inayobandikwa mlangoni mwa jokofu. Maelezo marefu yakae kurasa za nyuma.

Mfano wa nyumba yenye mbwa aitwaye Simba na paka aitwaye Nyota:

Saa 1 asubuhi: Mfungie Nyota chumbani kwanza, ndipo umfungulie Simba atoke uani. Simba atakojoa ndani ya dakika tano. Asipokojoa, andika.

Saa 1:30 asubuhi: Simba ale jikoni, pakiti moja yenye alama S. Nyota ale chumbani, pakiti moja yenye alama N, mlango umefungwa. Baada ya dakika 20 ondoa bakuli zote mbili. Kilichobaki kitupe, usikirudishe kwenye pakiti.

Saa 2 asubuhi: Osha bakuli za maji, jaza maji mapya. Chota uchafu kwenye sanduku la mchanga la Nyota. Hesabu mabonge ya mchanga ulioshikana kwa mkojo. Kwa kawaida huwa mawili hadi manne kwa siku.

Ona kwamba kila mstari una kitendo, na pale panapohitajika una kitu cha kuhesabu. Maneno kama "kidogo", "mara kwa mara" na "akitaka" yafute yote. Hayana maana sawa vichwani mwa watu wawili.

Hatua ya 3: Chakula kipimwe kabla hujaondoka

Ukisema "kikombe kimoja", mwenzako atachukua kikombe cha chai. Pima mwenyewe, kwa mizani ikiwezekana, utie kila mlo kwenye mfuko au kikopo chake na uandike siku. Kazi hii inachukua jioni moja, nayo inaondoa makosa mawili kwa mkupuo: kuzidisha, na kulisha mara mbili pale ambapo watu wawili wa nyumba moja kila mmoja anadhani mwenzake hajalisha. Pakiti ya leo ikiwa haipo, mnyama ameshakula, hata akilia namna gani.

Ongeza milo ya siku tatu zaidi ya safari yako. Usafiri huahirishwa. Wala usitumie safari kama nafasi ya kujaribu chakula kipya, maana mbwa na paka huhitaji kama siku saba za kuchanganyiwa kidogo kidogo. Wakibadilishiwa ghafla huharisha, na hapo anayebaki hatajua kama ni chakula au ni ugonjwa.

Vitafunio navyo viandikwe: vipi, vingapi kwa siku, na viko wapi. Usipovitaja, mgeni mwenye moyo mwema atagawa alichonacho mfukoni.

Samaki wanahitaji neno lao. Wenye tangi la samaki wanajua kuwa adui mkubwa wa samaki mwenyeji akisafiri ni huruma. Chakula kilichozidi huoza, maji yanachafuka, na samaki wanakufa kwa uchafu, si kwa njaa. Samaki wakubwa wenye afya huvumilia siku kadhaa bila kula. Acha vikopo vidogo vya dozi ya siku, kisha kopo lenyewe lifiche. Andika pia asibadilishe maji ukiwa haupo, na taa na pampu zisizimwe isipokuwa kwa saa ulizozitaja.

Hatua ya 4: Andika kawaida yake

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua ukurasa mzima kwa kila mnyama na ujibu maswali haya, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kumwona.

Anakula vipi? Wapo wanaomaliza kwa dakika moja na wapo wanaorudi bakulini siku nzima. Mlaji wa haraka akiacha chakula ni habari. Mlaji wa polepole akikiacha si chochote. Anakunywa maji kiasi gani? Weka alama ya kalamu kwenye chombo cha maji kuonyesha yanapofika jioni. Anakwenda haja mara ngapi, wapi, na kinyesi chake kikoje? Usione aibu kuandika haya. Daktari wa mifugo atakayepigiwa simu atauliza hayo kabla ya mengine.

Analala wapi? Taja sehemu zote, hasa zile za kujificha: nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya droo ya chini, juu ya kabati. Paka wengi hujificha siku ya kwanza au ya pili mwenyeji akiondoka, na mtu asiyejua atatumia saa nzima akimwita barabarani. Andika waziwazi: "Siku mbili za kwanza huenda usimwone. Mradi chakula kinapungua na mchanga umetumika, yupo salama. Usimvute kwa nguvu."

Anatoa sauti zipi? Kuna mbwa anayenguruma akibembelezwa na kuna anayenguruma kabla ya kuuma, na tofauti yake waijua wewe. Anaogopa nini: radi, fataki, ufagio, watoto, wanaume waliovaa kofia? Akiogopa hufanya nini, na wewe humtulizaje? Wapi hapendi kuguswa?

Kisha kuna kipimo ambacho watu wachache hukiweka, nacho ni rahisi. Mnyama akiwa usingizini, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Mbwa au paka mwenye afya, akiwa amelala, kwa kawaida huvuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu kwa siku tofauti na uandike namba ya kwako. Anayebaki akiona namba imepanda sana, na mnyama amelala mahali penye ubaridi, ana jambo la kumwambia daktari. Vilevile mwonyeshe rangi ya ufizi. Ufizi wenye afya ni wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole unapauka kisha rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Kama mnyama wako ana ufizi mweusi kwa asili, andika hivyo, na umwonyeshe sehemu yenye rangi nyepesi ndani ya mdomo.

Mwisho wa ukurasa huu weka mambo yake ya ajabu yasiyo na madhara: hukoroma, hutetemeka miguu akiota, hupiga chafya akifurahi, hutapika nywele mara moja moja. Bila mstari huo utapigiwa simu usiku wa manane kwa sababu ya ndoto ya mbwa.

Hatua ya 5: Weka mipaka ya saa

Badala ya "kukiwa na tatizo", andika dalili na muda. Gawa sehemu mbili tu: mambo ya kunijulisha mimi, na mambo ya kumpigia daktari kwanza, mimi baadaye. Ukiweka ngazi tano hakuna atakayezikumbuka.

Za kumpigia daktari papo hapo, bila kusubiri kuche, ni hizi:

- Mnyama anahema kwa shida, au ufizi wake umekuwa mweupe, wa buluu au wa kijivu.
- Ameanguka na hasimami, au degedege limezidi dakika tano, au limerudi zaidi ya mara moja siku hiyo.
- Paka, hasa dume, anaingia sanduku la mchanga mara nyingi, anajikamua na mkojo hautoki. Njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Watu hudhani amefunga choo, na hapo ndipo muda unapopotea.
- Mbwa, hasa wa umbo kubwa na kifua kirefu, tumbo limevimba, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Tumbo huenda limejipinda, na hiyo ni hali ya kukimbizana na saa.
- Mnyama amezidiwa na joto: anahema kwa nguvu, anadondosha mate, anayumba. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi, apepewe, huku safari ya kwa daktari inaandaliwa.
- Amekula, au anashukiwa kula, kitu chenye sumu. Asitapishwe bila daktari kusema.

Njaa nayo ina saa zake kulingana na mnyama. Mbwa mzima akisusa mlo mmoja kwa sababu hujaonekana, mwache. Paka akipitisha saa 24 bila kula chochote, piga simu, kwa kuwa paka, na zaidi yule mnene, akikaa na njaa ini lake hujaa mafuta na kushindwa kazi. Sungura ana muda mfupi zaidi: saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi zinatosha kuwa dharura, maana utumbo wake haupaswi kusimama. Ndege huficha ugonjwa hadi hali iwe mbaya, kwa hiyo ukimkuta amekaa chini ya tundu, manyoya yamefumka na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, usiseme utamwangalia kesho.

Hatua ya 6: Dawa, na vitu vya kuweka mbali

Dawa iandikwe jina, kipimo, saa, na namna anavyoikubali. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Kama kidonge hufichwa ndani ya kipande cha nyama, na mnyama huwa anakula nyama na kutema kidonge, sema hivyo, na useme kidonge kilichotemwa hukaguliwa wapi. Weka jedwali la kutia tiki. Kanuni iwe moja: usipokuwa na uhakika kama dozi imetolewa, usirudie, piga simu.

Kwa insulini, yaani dawa ya sindano ya kisukari, kanuni hiyo ni ya kufa na kupona. Dozi moja iliyorukwa haina hatari ya dozi iliyorudiwa. Mnyama asipokula, insulini isitolewe kabla ya kuongea na daktari. Mabomba ya sindano yenye alama U-40 na yale ya U-100 (namba ni yuniti za insulini katika mililita moja) hayabadilishani, kwa hiyo acha ya kutosha ya aina moja na uondoe nyingine zote nyumbani. Kwa kweli, mnyama wa insulini nisingemwacha kwa mtu ambaye hajawahi kumdunga mbele yangu.

Kuhusu sumu, usinakili orodha ndefu. Taja zilizopo ndani ya nyumba yako. Kwa mbwa: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na pipi au jojo zenye sukari mbadala iitwayo zailitoli. Mifupa iliyopikwa nayo imo, kwani huvunjika vipande vikali. Kwa paka: parasetamoli, hata kidonge kimoja, maua ya lili, hata vumbi lake, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini. Kama una mbwa na paka, dawa zao za viroboto zisikae rafu moja. Kwa ndege: parachichi, na moshi wa kikaango kisichogandisha kikiachwa motoni hadi kipate joto kupita kiasi. Moshi huo mtu anaweza asiusikie, na ndege akafa ndani ya dakika chache. Mwambie mgeni wako apike kwa sufuria ya kawaida, au vikaango hivyo vifungie.

Hatua ya 7: Milango

Mnyama anayemtafuta mwenyewe hutafuta pia mwanya. Eleza kila mlango: upi hujifunga wenyewe, upi unahitaji kusukumwa, dirisha lipi wavu wake umelegea. Mbwa asitolewe matembezini bila kamba hata kama na wewe huwa anatembea huru na kurudi akiitwa. Anakuitikia wewe. Kola isivuke kichwa akirudi kinyumenyume; kaza mpaka vidole viwili tu vipite.

Acha picha mbili za karibuni, moja ya uso na moja ya mwili mzima wa ubavuni, namba ya chipu (kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi) kama anayo, na maelezo ya mahali atakapokimbilia kwanza. Kwenye kola iwepo namba ya simu ya mtu aliye karibu, kwani yako huenda isipatikane ukiwa angani.

Hatua ya 8: Daktari, fedha na ruhusa

Jina la kliniki, simu, namna ya kufika, na wapi pa kwenda usiku au sikukuu. Karatasi za chanjo ziwe ndani ya bahasha moja, pamoja na sanduku au kizimba cha kumbebea kikiwa tayari mahali panapoonekana. Hayo ni mepesi.

Jambo zito ni barua fupi uliyoitia sahihi, nakala moja ukaipeleka kliniki kabla ya kuondoka. Iseme kwamba fulani anaruhusiwa kumleta mnyama wako, kwamba gharama hadi kiasi fulani zifanyike bila kukusubiri, na nani aulizwe zikizidi hapo. Kisha iseme lile ambalo hakuna anayependa kuliandika: kama mnyama yuko katika maumivu yasiyo na tiba na wewe hupatikani, nani ataamua alazwe usingizi wa mwisho, au asubiriwe mpaka lini. Usimwachie rafiki uamuzi huo bila neno lako. Fedha za kuanzia ziache taslimu au kliniki kabisa, asitoe zake akisubiri kurudishiwa.

Andika pia kuhusu huyo anayebaki. Aking'atwa au kukwaruzwa hadi damu itoke, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, na ataje tarehe ya mwisho ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo utakuwa umeiandika hapo hapo.

Hatua ya 9: Mfanye afanye, wewe ukae kimya

Siku chache kabla ya safari, mwalike wakati wa mlo. Mpe karatasi na ufunguo, kisha ukae kwenye kiti na usiseme neno. Aingie, alishe, abadilishe maji, atie dawa, afunge. Kila anapogeuka kukuuliza, au kila ulimi unapokuwasha, hapo pana mstari unaokosekana. Uongeze. Ni zoezi la kuchosha kidogo kwa wote wawili, lakini linafichua makosa mengi kuliko kuisoma karatasi mara kumi.

Siku hiyo mkubaliane habari zitatumwaje. Mimi hupendelea ujumbe mmoja kwa siku, saa maalumu, wenye picha na mambo matatu: kala, kanywa, kaenda haja. Ukiomba taarifa kila saa utamfanya mwenzako awe mtumwa wa simu, na baada ya siku mbili atakuwa anajibu "yuko poa" bila kutazama. Mkubaliane pia kwamba ujumbe usipofika na simu haipokelewi kwa saa fulani, nani mwenye ufunguo wa pili atakwenda kuchungulia.

Hatua ya 10: Ukirudi

Baada ya asante na malipo mliyokubaliana, muulize mambo mawili: ni wapi alilazimika kubahatisha, na ni mstari upi hakuwahi kuusoma. La kwanza linakuonyesha pa kuongeza, la pili pa kufupisha. Hesabu pakiti zilizobaki, tazama jedwali la dawa, mpime mnyama uzito. Sahihisha karatasi siku hiyo hiyo na uandike tarehe juu yake, maana uzito, dozi na namba za simu hubadilika, na nakala ya mwaka jana isipewe mtu kabla hujaisoma upya.